Masika ya Krauni Nyeusi

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, nguo mpya zimeshafuliwa, na mimi sina kazi. Duka la simu nilimokuwa nauza lilifungwa kabla ya Ramadhani. Leo baada ya chakula cha mchana Kaka Idarusi ameniambia, "Najat, Jumatatu njoo bandani. Nitakufundisha."

Banda lake liko hapa hapa Nguvumali, nyuma ya nyumba tunayokaa. Anang'arisha magari. Si kuosha kama wanavyoosha vijana wa barabarani kwa mpira wa maji na tambara. Yeye anaondoa mikwaruzo kwenye rangi, halafu anaipaka kinga isichakae tena. Kazi hiyo aliifanya Maskati miaka mingi, na ndiyo iliyonisomesha baba alipofariki. Mwaka jana akarudi. Alisema mkataba umekwisha.

Wifi yangu Kazija alikuwa anakusanya sahani. Akasema bila kunitazama, "Kwani hakuna kazi nyingine mjini?" Miaka yote mumewe alipokuwa Uarabuni mwanamke huyu alikuwa mpole, mcheshi, Mpemba wa watu. Tangu mumewe arudi amekuwa kama askari wa getini. Anamfuata kila aendako, hata msikitini anamsindikiza mpaka kona. Nadhani anaogopa nitamnyang'anya mumewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Kumbe sikuwahi kulitazama gari maishani mwangu.

Kaka alilisogeza nje gari la Rama, muuza samaki wa mtaa wa pili, rangi ya damu ya mzee. Jua lilikuwa limepata upenyo kati ya mawingu. "Tazama kwenye boneti," akasema. "Usitazame rangi. Litazame jua lililo ndani ya rangi." Nikainama. Kulizunguka lile jua dogo kulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu, yote inazunguka.

"Huo tunauita utando. Hauji wenyewe. Unaletwa na mkono wa mwoshaji. Tambara likiokota mchanga, kila akifuta anachora."

Kwa hiyo tunaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu, ili mchanga ubaki ndani ya ndoo. Halafu akanieleza kwamba juu ya rangi kuna kilia, tabaka la juu lisilo na rangi, ndilo linalotoa mng'aro. Utando uko ndani ya kilia. Mashine ya kung'arishia inakuna kilia mpaka kilingane na kina cha mkwaruzo.

"Kwa hiyo kila tukiling'arisha gari tunalipunguza," nikasema.

Alicheka. Alifurahi kweli. "Ndiyo maana mjinga haachiwi mashine."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefua vitambaa tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefanya mazoezi kwenye boneti bovu tulilopewa gereji. Mashine ilinikimbia mikononi kama mbuzi anayepelekwa machinjioni. Dawa ya kung'arishia ilirukia ukutani, ushungini, mdomoni. Kaka alisimama nyuma yangu akaniwekea mikono juu ya mikono: usikandamize, mashine ina uzito wake; twende polepole, mstari juu ya mstari. Mchana nilipofuta, palikuwa na kipande kama sahani kisicho na utando hata mmoja. Nilijiona sura mle ndani, na matone ya dawa puani.

Sijapata kumpenda kaka yangu kama leo.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumelimaliza gari la Rama. Kaka alisema limekwisha, ila nilipomulika kwa tochi mlango wa kushoto nikaona utando bado uko, ukanda mzima karibu na ukingo. Nikamwita.

Akainama, akatazama. "Wapi?"

"Hapa, Kaka."

"Hilo ni vumbi la dawa. Macho yako bado mageni."

Nilifuta kwa spiriti. Si vumbi. Alipokwenda kusali adhuhuri nikaurudia ule ukanda mwenyewe, kimya kimya. Pengine kweli nilikosea kuona.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Maji yameingia bandani mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo amenifokea mbele ya watu. Aliipiga teke ndoo, maji yakamwagika juu ya pedi safi za mashine. "Nani ameweka ndoo njiani?" Ndoo ilikuwa pale inapokaa siku zote, kushoto mwa meza. Nikasema samahani, kwa sababu ni kaka yangu na kwa sababu Rama alikuwa anatazama.

Wifi alipoleta chakula alisimama mlangoni akaita, "Mume wangu, miye nakuja," kama mtu anayepiga hodi kwake mwenyewe. Akamwekea sahani mkononi, akamshika vidole mpaka vikashika sawasawa. Mwanamume mzima anadekezwa hivyo! Niligeuza uso.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumepata kazi kubwa. Mzee Tadeo, karani mstaafu wa mahakama, Mbondei wa Muheza, ameleta Krauni yake nyeusi. Bintiye Bertha anafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 10, na gari hilo ndilo litakalompeleka kanisani. Mzee alilizunguka huku mikono iko mgongoni. "Nililinunua mama yake Bertha akiwa hai," akasema. "Nataka ling'ae mpaka watu waone haya kuligusa."

Nyeusi ndiyo rangi mbaya kuliko zote, kila kosa linaonekana. Mzee anataka pia seramiki, ile kinga ngumu inayokaa miaka. Haitaki unyevu, na mvua hii haikati. Tumefunga turubai pande zote.

Jumanne, 29 Aprili

Kuosha. Kisha tumelipitishia udongo, ule unaokandwa kama unga wa chapati, unaovuta chembe zilizogandia kwenye rangi. Ukipitisha kiganja rangi inateleza kama kioo kilichopakwa mafuta. Nilitaka kubandika tepu kwenye kingo zote, kwa kuwa kwenye kingo kilia ni chembamba mno. Kaka akasema, "Tepu ni ya wanaojifunza."

Jumatano, 30 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi tulianza. Mimi nilishika boneti, yeye milango. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tukaongea kwa ishara. Nilikuwa nimeinua kichwa kupumzisha shingo nilipomwona anafanya mlango wa nyuma wa kushoto. Mlango ule una mgongo, mkunjo mkali unaopita katikati mpaka kwenye ukingo. Pedi ilikuwa imekwama juu ya ule mgongo, pale pale, inazunguka. Alikuwa anatazama mbele, mahali ambapo mashine haipo.

Nilipiga kelele. Hakusikia. Nikapiga tena, "Kaka, acha! Acha!" Nikakimbia nikachomoa waya.

Palikuwa na doa la kijivu lenye umbo la ulimi. Kilia kimekwenda, rangi nyeusi imekwenda, tumefika kwenye rangi ya chini. Harufu yake kama plastiki iliyoungua. Kaka alipitisha kidole. Alipitisha mara nyingi, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Nimeteleza," akasema.

Ndipo turubai likafunuliwa. Mzee Tadeo huyo, na Bertha nyuma yake na mwavuli. Walikuwa wamekuja mjini kwa ajili ya gauni, wakasema wapitie. Niliwaamkia shikamoo. Mzee hakuitikia, alikuwa keshaona.

"Nini hiki?"

Kaka alinyooka. Nilimwona anatafuta neno, na nilidhani analitafuta lile lile nililolisikia. Akasema, "Msichana anajifunza, mzee. Ameunguza. Tutalipaka upya kwa gharama zetu."

Nilikuwa bado nimeshika waya mkononi.

Mzee Tadeo akanigeukia. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. "Binti," akasema, "ulikuwa na haraka ya nini?"

Bertha akasema, "Baba, basi," ila naye alinitazama kuanzia ushungini mpaka miguuni, kama mtu anayeweka sura akilini.

Nikasema, "Nisamehe, mzee."

Nilisema kwa sababu nilisoma kwa jasho la yule aliyesimama kando yangu. Viatu vyangu vya shule vilitoka Maskati, na sanda ya baba ilitoka Maskati. Nikajisemea, deni lake nimelipa leo kwa neno moja. Walipoondoka nilingoja aniambie kitu. Alikunja waya wa mashine, taratibu, akautundika. Akasema mvua ikipungua nimwite Yakoub wa rangi.

Sijala.

Alhamisi, 1 Mei

Sikwenda bandani. Wifi alikuja chumbani kwangu na bakuli la uji wa mchele, akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Najua si weye," akasema.

Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema hakuna. Akawa anazungusha kijiko kwenye uji ambao ni wangu.

"Haoni, Najat. Mbele anaona, kama mtu anayechungulia tunduni. Ubavuni hamna kitu. Kushoto ndiko kabaya zaidi. Maskati alikwenda kubadilisha leseni, wakampima macho, wakamnyima. Tajiri akajua, akamrudisha. Mkataba! Mkataba gani?"

Nikamwuliza, "Na wewe umekaa kimya?"

"Kaniapisha. Kwa Mungu, mkono juu ya msahafu. Ningefanyaje? Nikawa natembea naye kama kivuli. Nikakuzuia usende bandani, maana nilijua siku itafika utaona, au utalipa weye. Umelipa."

Nilitaka kumchukia lakini sikupata pa kushikia. Nikakumbuka kona ya msikiti, na vidole vyake kwenye sahani. Nilikuwa nimeyaona yote, nikayasoma kinyume.

"Ana weye na miye tu," akasema. Alipoinuka uji ulikuwa umeganda.

Jumamosi, 3 Mei

Yakoub amepaka mlango. Rangi imekubali, Mungu ampe afya. Akaonya: "Msiutie seramiki wala nta mpaka ukomae, si chini ya mwezi. Mkiuziba sasa rangi itavimba." Kaka akaitikia kwa kichwa. Hatujasemezana zaidi ya "nipe" na "shika".

Jumatatu, 5 Mei

Wifi kafunga. Nilidhani ni ile sita ya Shawali, lakini Shawali imekwisha. Nikamwuliza. "Ni kafara," akasema. "Nimevunja kiapo." Ameenda kuparua samaki bila kusema zaidi. Kafunga siku ya tatu leo, kwa ajili ya maneno aliyoniambia mimi.

Jumanne, 6 Mei

Gari zima nimelifanya mimi. Kaka ananisimamia. Nimefanya jambo la aibu: alipokuwa anazungumza nami nikainua kitambaa taratibu, usawa wa sikio lake la kushoto, nikakipunga. Aliendelea kuzungumza. Nikakipunga karibu zaidi, mpaka upepo wake ukagusa shavu, akageuka ghafla akasema, "Nzi wamekuwa wengi."

Nilikwenda nyuma ya banda nikalia.

Jumatano, 7 Mei

Mvua ilikata, jua la kutosha. Nimepaka seramiki, isipokuwa ule mlango. Kipande kidogo kidogo, kisha kufuta kabla hakijashika. Kaka amekaa kwenye benchi ananihesabia sekunde kwa sauti. Kwa muda mfupi tulikuwa kama mwezi uliopita.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Tadeo alipiga simu: kijana wake wa kuendesha ana homa, je fundi anaweza kulipeleka gari Muheza? Kaka akasema hakuna tabu. Nilimsikia nikiwa nje. Nilipoingia alikuwa ameshika ufunguo, bado na kanzu yake nyeupe.

"Kaka, mvua hii. Tutafute dereva."

"Nimeendesha barabara za njia sita, Najat."

"Mwambie mzee atume mtu."

"Unanifundisha?"

Ningeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Ila wifi alikuwa sokoni, na yeye ni kaka yangu mkubwa, na sikuwahi hata siku moja kumnyooshea kidole. Nikafanya lile nililoliweza. Nikapanda mbele, kushoto kwake, nikasema nataka kupunga upepo.

Mpaka Pongwe nilikuwa nasema kila kitu: lile lori, yule mama, pale pana shimo. Alikasirika. "Nyamaza, unanitia wazimu." Nikanyamaza. Ilikuwa muda mfupi tu. Kutoka njia ya kushoto ikatokea bodaboda, mwanamke nyuma na tenga la machungwa mapajani. Niliwaona tangu kwenye nguzo ya umeme. Nikangoja apunguze mwendo. Hakupunguza. Hata mguu haukusogea.

"Breki! Kaka, breki!"

Krauni iliserereka ikasimama majanini. Pikipiki ilikwepa ikalala. Hatukuwagusa. Namshukuru Mungu ninapoandika, hatukuwagusa. Mwanamke aliinuka matope matupu, akaja akapiga boneti kwa kiganja. "Mna macho nyie? Mna macho?"

Kaka alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Katokea wapi?" akaniuliza, sauti ndogo.

"Alikuwa pale muda wote, Kaka."

Akafungua mlango, akashuka mvuani na kanzu yake, akaanza kuokota machungwa ya yule mwanamke. Aliokota yaliyokuwa mbele yake. Yaliyokuwa kushoto aliyapita. Moja alilikanyaga, akatazama chini kwa mshangao, kama limeota pale pale chini ya kiatu. Mwanamke aliacha kutukana. Alimtazama, akanitazama mimi, akaokota yaliyobaki mwenyewe.

Nilimpigia Mzee Tadeo. Alikuja na mpwa wake. Matope yalikuwa yamekwisha teremka yenyewe kwenye boneti, maji yanakimbia matone matone kwenye ile kinga mpya. Ubavuni tu, kwenye mlango ule usio na kitu, yalikuwa yamegandia.

"Kulikoni?" mzee akauliza.

"Mvua, mzee," Kaka akasema. "Sikutaka kulichafua zaidi."

Mzee alinigeukia, kana kwamba jibu lingine ningekuwa nalo mimi. Nikampa mpwa wake ufunguo. Tulirudi na gari la abiria, kila mtu kwenye dirisha lake.

Nimemwambia wifi. Alikaa kizingitini mpaka adhana ya magharibi.

Jumatatu, 12 Mei

Leo asubuhi wifi amemtolea Kaka shati lililopigwa pasi. "Vaa. Tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Siendi."

"Basi miye narudi Pemba."

Hakupandisha sauti. Alikuwa amekwisha vaa baibui, na begi lake lilikuwa mlangoni. Kaka aliligusa kwa mguu, akajua kuwa si tishio. Akavaa.

Walimweka mbele ya chombo kama beseni jeupe. Ndani vinawaka vimulimuli, kimoja kimoja, ukikiona unabonyeza kitufe. Tulikaa nje ya pazia. Kitufe kililia, kikalia, halafu kimya. Kimya kirefu. Kikalia mara moja. Kimya. Wifi alikuwa amenishika mkono, na kila kimya kilipozidi alinibana zaidi. Sikujua kwamba mtu anaweza kusikia upofu.

Daktari, dada wa makamo, alisema ni presha ya macho. Akamwuliza kama alishawahi kuambiwa.

"Niliambiwa," Kaka akasema.

"Ulipewa matone?"

"Nilipewa. Nikayaacha. Hayakunirudishia kitu."

"Hayakuwa ya kurudisha. Kilichokufa hakirudi. Yalikuwa ya kulinda kilichobaki." Akaandika. "Gari usiendeshe tena."

Kaka akacheka kidogo, kicheko kibaya. Wifi hakulia. Aliuliza tu ni matone mangapi, na kama anaweza kumtia akiwa amelala.

Jumatano, 14 Mei

Mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Hakuna gari.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Gari moja la kuoshwa tu. Kaka anakaa kwenye benchi amegeuzia uso ukutani.

Alhamisi, 22 Mei

Rama amepita. Gari lake limejaa matope ya kutoka Maramba alikokwenda na samaki. Nikamwambia ingiza. Akajikuna shingo. "Nitangoja fundi mwenyewe apate nafasi, dada'angu. Usinielewe vibaya. Nasikia Krauni ya yule mzee uliiunguza."

Kaka alikuwa benchini, anasikia. Rama alipoondoka nikasimama mbele yake, katikati kabisa, pale anapoona.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na?"

"Nikimwambia Rama sioni, kesho nani ataleta gari?"

"Na ukiwaacha waamini kuwa mimi naunguza, nani ataleta?"

Sijawahi kusema naye hivyo. Nikasema, "Nilisema nisamehe kwa kosa lako, Kaka. Nilisema mbele ya watu. Wewe hata humu ndani, sisi wawili, hujaniambia."

Alifumba macho. "Mimi nikiwa si fundi, Najat," akasema, "nitakuwa nani? Umri huu, nikae barazani nishikwe mkono kwenda chooni?"

Ni swali la kweli. Lakini nilikuwa bado nataka neno langu, na sikulipata. Usiku wifi alimtia matone. Nilisikia kupitia ukutani anamwambia, "Tulia, tulia," kama anayemwogesha mtoto.

Jumapili, 25 Mei

Nimeuliza kazi kwenye duka la vitambaa barabara ya kumi na mbili. Wamesema baada ya Idi ya kuchinja. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua zinapungua. Asubuhi kulikuwa na jua, nikalimulika lile boneti bovu la mazoezi. Limebaki na kilia kidogo sana, nimelikuna mno. Kaka aliniuliza nafanya nini. Nikasema sina la kufanya.

Jumatano, 4 Juni

Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba leo nitamwambia kuhusu duka la vitambaa. Nilikuwa nafungasha pedi zangu.

Honi nje. Krauni nyeusi. Bado ina utepe mdogo mweupe wa harusi, umenasa kwenye kioo cha pembeni. Mzee Tadeo alishuka mwenyewe, kofia kichwani, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza tena.

"Fundi," akasema, "Yakoub ananiambia mlango umekomaa. Nimeuleta umaliziwe ufanane na wenzake."

"Karibu, mzee," Kaka akainuka kwenye benchi.

"Ila niwie radhi, nitasema wazi. Ufanye wewe mwenyewe. Huyu binti asiuguse."

Nilitazama chini. Nilijua linalofuata. Kaka atasema sawa, mzee. Mzee akiondoka nitaifanya mimi kazi, na sifa itakuwa yake, na lawama itakaa palepale ilipowekwa. Mlangoni wifi alikuwa amefika na sufuria ya mchana. Alisimama.

"Basi lipeleke kwingine," Kaka akasema.

"Unasemaje?"

"Lipeleke kwa mwingine, mzee. Mimi sioni."

Mzee Tadeo akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Huoni nini?"

"Sioni." Sauti ilikatika, akaianza upya. "Jicho la kushoto limekwisha. La kulia nimebakiwa na tundu. Mlango wako niliuunguza mimi. Huyu mdogo wangu alinipigia kelele niache, akachomoa waya. Na mlipoingia nikamtupia yeye, kwa kuwa nilijua hatanikana. Siku ile ya Pongwe haikuwa mvua. Nusura niue watu. Gari lako lote lililompeleka binti yako kanisani ni kazi ya mikono yake. Mimi nilikuwa nimekaa hapa nahesabu tu."

Alisema yote haya akitazama mbele, karibu na uso wa mzee lakini si penyewe.

Akageuza kichwa kunitafuta, akanipata. "Najat, nisamehe."

Nilijibu. Sijui nilijibu nini.

Mzee Tadeo alivua kofia. Manyunyu yalikuwa yanampiga kwenye upara naye hakujali. Alimtazama Kaka, kisha mimi, muda mrefu, na macho yake yalishuka kwanza kuliko yangu. Akanyoosha mkono. Alikuwa amesimama upande wa kushoto. Kaka hakuuona. Mkono ukabaki hewani. Wifi akapiga hatua moja kutaka kumgusa mumewe kiwiko, kama alivyozoea, halafu akajizuia, akaishika sufuria yake kwa nguvu.

Mzee akaurudisha mkono. Akazunguka, polepole, akanyaga kwenye dimbwi bila kulikwepa, mpaka akasimama mbele ya Kaka, katikati kabisa. Ndipo akaunyoosha tena.

Kaka aliupokea kwa mikono yake yote miwili.